Nilivyoitembea Taveta kwa Kufuata Maji

Wasafiri wengi huijua Taveta kama mahali pa kupita. Wanatoka Voi, wanagongewa muhuri mpakani, wanaingia Holili na kuendelea na safari ya Moshi au Arusha. Mimi nilitaka kuitembea kwa miguu, kwa sababu katika pembe hiyo ya Kenya iliyo chini ya Kilimanjaro kuna viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia, njia za misafara ya karne ya 19 na maziwa mawili yaliyogawanywa na mpaka, na vyote viko karibukaribu. Ugumu ni kwamba vitu hivi vimetawanyika porini na mashambani, na mgeni anaweza kusimama mbele ya kilima chenye historia nzito asione ila miiba na mawe. Kilichonisaidia ni uamuzi mmoja: badala ya kuandika orodha ya vivutio na kukimbilia kimoja baada ya kingine, niliamua kufuata maji, kuanzia yanapokosekana hadi yanapopatikana.

Kwa hiyo sikwenda moja kwa moja mjini. Nilipanda matatu kutoka Voi, nikapita Mwatate na Bura, ambako vilima vya Taita bado vinaonekana vya kijani, kisha nikashuka Maktau, ambako ardhi inakauka ghafla na kuwa nyekundu. Waingereza waliweka kambi kubwa hapa wakijiandaa kuwakabili Wajerumani, waliokuwa wameiteka Taveta mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na maji ya kambi yaliletwa kwa bomba kutoka Bura. Nilitembea kandokando ya tuta la reli hiyo saa za jua kali, nikiwa nimebeba maji yangu mgongoni, na sikuhitaji mtu kunieleza kwa nini jeshi zima lilisogea kwa mwendo wa bomba na reli. Kati ya vilima vya Taita na mto Lumi hakuna mto wa kudumu, na asiyelijua jambo hilo hawezi kuuelewa mpangilio wa vita vile hata akisoma vitabu vingi.

Baada ya hapo nilikwenda Salaita, kilima kidogo kilichosimama peke yake kwenye tambarare kabla ya kufika Taveta. Hapa sikuthubutu kwenda bila mwenyeji, kwa kuwa tembo wa Tsavo hawaijui mipaka ya hifadhi na huvuka maeneo haya wanavyotaka. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyechunga mbuzi huko tangu utotoni. Nilipopendekeza tuondoke kabla ya mapambazuko ili tukwepe joto, alikataa kwa upole: “Mwanangu, tembo wana zamu yao na sisi tuna yetu. Tungoje jua lichomoze.” Tulingoja, na njiani alinionyesha kinyesi kilichokuwa bado kibichi.

Salaita inafaa kuzungukwa kwanza na kupandwa baadaye, na mzee alisisitiza hivyo. Tarehe 12 Februari 1916, vikosi vya Afrika Kusini vilivyokuwa vimewasili karibuni kupigana upande wa Waingereza vilitumwa kukiteka kilima hiki, navyo vilikuwa vimeambiwa kwamba walinzi wake ni wachache. Mizinga ikapiga kileleni, mahali mahandaki yalipoonekana wazi, kumbe Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wamejichimbia chini, kwenye kitako cha kilima, ndani ya vichaka vya miiba. Shambulio likavunjika, Waafrika Kusini zaidi ya 130 wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea, na kikosi cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichowakinga wenzao walipokuwa wakirudi nyuma. Mtu akisimama kwenye mabaki ya mahandaki ya chini na kutazama mashariki, anaona jinsi uwanda ulivyo wazi na jinsi ambavyo hapakuwa na pa kujificha. Akianzia kileleni, atafurahia mandhari ya Kilimanjaro na kuondoka bila kuelewa lolote. Karibu na hapo upo mbuyu ambao wenyeji wanasimulia kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwalenga askari kwa bunduki. Hiyo ni simulizi, nami niliipokea kama simulizi, ingawa mbuyu wenyewe unastahili kutazamwa.

Kilichowaondoa Wajerumani Salaita hatimaye hakikuwa shambulio jingine la kilima. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya upande wa Waingereza, aliwatuma askari wa farasi wazunguke upande wa kaskazini, karibu na ziwa Chala, wakaufikia mto Lumi. Waliokuwa Salaita wakajikuta wakikaribia kukatiwa maji na njia ya kurudi, hivyo kufikia tarehe 9 Machi 1916 kilima kilikuwa kitupu.

Taveta mjini nilianzia makaburi ya kijeshi, ambayo yametunzwa vizuri sana, mawe yake yamepangwa kwa mistari na majani yamekatwa. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikisoma majina na umri wa vijana waliotoka mbali. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa wasiokuwemo. Vita hivi vilibebwa kichwani na wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, bila jiwe lenye jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi hayo ilikubali katika ripoti yake kwamba wafu wa Afrika hawakukumbukwa sawa na wengine, na kwamba wasiopungua 116,000 huenda hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ningependa kuona ubao wa kuwakumbuka wapagazi pale Salaita na Maktau, ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu wajukuu wao ndio wanaopita njia hizo kila siku.

Ukishauvuka ukame kwa miguu, kuifikia Lumi ni furaha ambayo mwenye gari haipati. Ghafla kuna migomba, mifereji na kivuli. Misafara ya biashara ya Mombasa na Pangani ilipumzika hapa karne ya 19 kabla ya kuendelea Uchagani na Umasaini, kwa kuwa Wataveta walikuwa na msitu wa kuwahifadhi, maji na chakula cha kuuza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, waliuchora mpaka kutoka pwani hadi ziwa Jipe, ukavuka Lumi na kupita katikati ya nchi ya Taveta na ya Wachaga. Ndiyo maana nilitembea na kitambulisho mfukoni muda wote na kuwaarifu viongozi wa kijiji kabla ya kushika njia yoyote ya magharibi, kwani mashambani hakuna uzio unaomwambia mtu kwamba amehama nchi.

Vilima vya Latema na Reata, vilivyopiganiwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916, nilivitazama zaidi kutoka kwenye pengo lililo katikati yake, ambamo reli ilipitishwa. Miteremko yake ina mawe makali na sikuona sababu ya kuipanda yote. Nyumba kubwa ya mawe aliyoijenga mlowezi Mwingereza Ewart Grogan kilimani katika miaka ya 1930, juu ya mashamba yake ya mkonge, ni ya kutembelewa kwa ruhusa, na roshani zake zinaonyesha kwa mara moja ziwa Jipe, milima ya Upare na Kilimanjaro.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni Chala. Njia inapanda polepole kwenye vichaka, hakuna dalili yoyote ya maji, kisha ardhi inakatika na ziwa linaonekana chini kabisa ndani ya kreta, nusu yake Kenya na nusu Tanzania. Halina mto wa kudumu unaoliingiza maji, kwani sehemu kubwa ya maji yake hupita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Mwaka 2016 watafiti walitoboa sakafu yake na kutoa tope lililojipanga tabaka kwa tabaka kwa takriban miaka 250,000, ambalo linasimulia mvua na ukame wa Afrika Mashariki. Humo pia wamo perege wa aina isiyopatikana kiasili kwingine. Nilitembea ukingoni asubuhi, mlima ukiwa wazi kabla ya mawingu, kisha nikashuka na kijana wa hapo kwa njia ya wavuvi, ambayo ina mteremko mkali na changarawe zinazoteleza, kwa hiyo viatu vyenye meno ni vya lazima. Kuogelea sikuogelea, wala simshauri mtu, kwa kuwa mwaka 2002 mamba alimuua mwogeleaji katika ziwa hili.

Jipe niliiweka mwisho, kwa kuwa Lumi inaishia humo. Kando yake kuna viboko, ndege wengi wa majini na matete yaliyolifunika eneo kubwa, kiasi kwamba wavuvi wanapenya kwenye vichochoro vyembamba. Usafiri wa kwenda huko ni rahisi zaidi siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, wachuuzi wanaporudi vijijini mchana. Siku isiyo ya soko nilikodi bodaboda ya kwenda na kurudi, tukapatana bei kabla ya kuondoka, na dereva akakubali kunisubiri ufukweni hadi saa kumi, tupate kurejea mjini kabla ya tembo kuanza kuvuka barabara.