Risiti za kahawa na onyo nililokuwa nalipuuza

Kuna kikundi cha wakulima wa kahawa Kibosho kinachotoa risiti za mizani kwa kiprogramu kidogo kilichoandikwa kwa lugha ya C. Sikukiandika mimi. Nilikirithi kwa jamaa aliyehama mji, na tangu hapo kazi yangu ni kuhakikisha kinawaka. Msimu uliopita diski ya kompyuta yao ikafa. Nikanunua SSD (diski mpya) pale Moshi mjini, nikaweka Debian 13, mfumo endeshi wa Linux, toleo la Agosti 2025, nikamwambia mama mweka hazina anipe dakika ishirini.

Nikaandika `make`, amri ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Ikagoma: `strptime`, fanksheni ya kusoma tarehe, imeitwa bila kutambulishwa.

Sasa, maneno hayo nilikuwa nayajua. Kwenye mashine ya zamani yalipita kila mara kama onyo, nami nikayaacha yapite. Debian 13 inakuja na GCC 14, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, na kuanzia toleo hilo onyo hilo limepandishwa cheo kuwa kosa. Njia ya mkato ipo, unaongeza `-fpermissive` na kazi inaendelea. Nilishaianza kuiandika.

"Fundi, dakika ishirini zimeisha," mama akasema, daftari la karatasi mapajani.

"Samahani mama, kidogo tu."

Kilichonizuia ni kusoma onyo lenyewe kwa mara ya kwanza. Fanksheni isiyotambulishwa, kompaila hudhani inarudisha namba ya kawaida, yaani biti 32. Lakini `strptime` hurudisha anwani ya kumbukumbu, na kwenye mashine ya biti 64 nusu yake hukatwa. Tulikuwa tunaponea kwa sababu msimbo uliuliza tu kama jibu ni tupu. Siku mtu angeitumia anwani yenyewe, programu ingeanguka foleni ikiwa mlangoni.

Dawa ni mstari mmoja unaofanya `strptime` itambulishwe: `#define _GNU_SOURCE`. Nikauweka chini ya `#include`, mistari inayoleta utambulisho wa fanksheni, ikagoma vilevile. Lazima ukae juu kabisa, kabla ya `#include` ya kwanza. Hapo nilipoteza robo saa nzima, na mama akaanza kuandika risiti kwa mkono.

Jambo la pili nilikataa kulirudia: `sudo make install`, amri ya kusakinisha programu moja kwa moja. Inamwaga faili kwenye `/usr/local` na `apt`, kisimamizi cha programu cha Debian, haijui lolote, kwa hiyo siku ya kuondoa unaziwinda moja moja. Nikatengeneza kifurushi cha `.deb`, faili moja ambalo Debian inajua kulisakinisha na kuliondoa. (Ukisema kifurushi huku kwetu mtu anadhani unaongelea bando.) Ni folda yenye faili zikiwa kwenye njia zake, folda ya `DEBIAN` yenye faili la `control` lenye maelezo ya kifurushi, kisha unaifunga kwa `dpkg-deb --build`. Nikakibeba kwenye flashi hadi kompyuta ya pili ya ghalani, nikaandika `apt install ./risiti.deb`. Ile nukta na mkwaju (`./`) usiisahau, vinginevyo `apt` inakwenda kulitafuta jina hilo kwenye hazina zake za programu na kurudi mikono mitupu. Nimeipenda kuliko `dpkg -i`, amri nyingine ya kusakinisha `.deb`, kwa kuwa inavuta yenyewe vitu ambavyo programu inategemea.

Kwenye `control` kuna mstari wa `Maintainer`, yaani mtunzaji wa kifurushi. Nilitaka kuweka jina la yule jamaa aliyeniachia programu, nikamtumia barua pepe kwanza pamoja na ule mstari wa marekebisho. Ikarudi: anwani haipo. Nikafuta jina lake, nikaandika langu.