Siku moja maishani mwangu: kutathmini fani za ufundi chuoni

Saa 12:15 asubuhi

Gesti hii maji ya moto yanakuja kwa ndoo, na chai ukitaka mapema uwe umeagiza usiku. Nakunywa ya kwangu huku nikipitia kabrasha la chuo. Nilifundisha umeme kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kuzunguka vyuoni kuangalia kama fani fulani iendelee, iongezewe vifaa, ibadilishwe au ifungwe. Leo ni zamu ya Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kimoja huku kanda ya kati ya Tanzania, nchi ya alizeti. Wengi mnaviita FDC. Vya serikali viko 54. Vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, ambako mtu mzima anarudi kusoma bila kuulizwa sana alipata nini shuleni. Asili hiyo huwa tunaisahau tukishatoa fomu zetu.

Ripoti ya chuo inataja fani tano: umeme wa majumbani, uashi, ushonaji, uchomeleaji, kilimo na mifugo. Chini ya kila moja imeandikwa "inakidhi mahitaji ya soko la ajira". Sentensi ileile mara tano, mpaka na kosa lake la herufi. Naipigia mstari.

Saa 1:30 asubuhi

Kabla ya chuo, napita mjini. Mwenzangu wa takwimu ananung'unika kwamba hili halimo kwenye ratiba, na kweli halimo. Ila ukitaka kujua mji unahitaji mafundi gani, angalia kimeharibika nini.

Hapa zimeharibika mota. Kwenye kibanda cha mzee mmoja zimepangwa sakafuni kama viazi, kila moja na kipande cha boksi chenye jina la mwenye mashine. Viwanda vidogo vya kukamua alizeti vimejaa mji huu. Msimu ukikolea mashine zinalazimishwa usiku kucha, nguvu ya umeme ikishuka mota inachemka, waya za ndani zinaungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu. Umeleta mota?"

Namweleza nilichokuja nacho. Namuuliza kama amewahi kuchukua kijana kutoka chuoni. Amewahi. "Soketi wanajua, taa wanajua. Mota wanaiogopa." Yeye mwenyewe hana cheti chochote, kusuka mota, yaani kuizungushia waya mpya ndani, alifundishwa na fundi mwingine Dodoma. Namwambia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi yake, akifaulu anapewa cheti bila kurudi darasani. Anasikiliza kwa makini, kisha anauliza kama kuna insha.

Saa 3:00 asubuhi

Kitabu cha wageni, soda, karanga, utambulisho. Mkuu wa chuo ni mtu wa maneno machache, na nimeshukuru.

Saa 3:40 asubuhi

Karakana ya umeme. "Shikamoo madamu," kwa sauti moja. Wanafunzi ni 22, mita za kupimia umeme ni mbili. Kwa hiyo wawili wanapima na ishirini wanatazama. Kwenye mafunzo ya umahiri mtu hahesabiwi amejua mpaka afanye kwa mikono yake, na mtaala unasema hivyo waziwazi. Lakini mtaala haununui mita.

Nachomoa waya mmoja nyuma ya ubao wa mazoezi, naomba kijana atafute hitilafu. Anazima meni swichi kwanza. Hapo nimeshampa nusu ya alama. Anafuata saketi hatua kwa hatua, anaupata. Mafunzo ya msingi yapo na mwalimu anajua kazi yake.

Pembeni kuna mota ya fezi tatu imefunikwa kitambaa. Nafunua. Skrubu zake hazina mkwaruzo hata mmoja.

"Tukiiunguza, hatuna nyingine," anasema mwalimu.

Sibishani naye, maana nami nilikuwa na kabati la vitu vya kuonyesha wageni. Ila mzee wa mjini ana mota mbovu kumi na zaidi ambazo hakuna wa kuziunguza tena, na kati yake na karakana hii ni mwendo wa bodaboda. Hakuna aliyewahi kwenda kumwomba hata moja ya kufumulia.

Nauliza pia kuhusu leseni. Fundi wa umeme anayetaka kujitegemea anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Bila hiyo, akimaliza kufunga nyaya za nyumba inabidi amtafute mwenye leseni amgongee muhuri ndipo mteja apeleke maombi TANESCO, shirika la umeme. Muhuri huo unalipiwa. Kati ya wanafunzi niliowauliza, hakuna aliyekuwa amesikia habari hiyo.

Saa 5:20 asubuhi

Fani ya uashi ina wanafunzi tisa, na kwenye jedwali la mwenzangu imepakwa rangi nyekundu: udahili mdogo. Tunawakuta nyuma ya bweni wakijenga vyoo vipya vya chuo. Nashusha timazi kwenye kona, naweka pima maji juu ya kozi ya mwisho ya matofali. Imenyooka. Namuuliza binti mmoja uwiano wa saruji na mchanga, ananijibu bila kuacha mwiko. Katikati ya mazungumzo simu ya mwalimu inaita: mkandarasi anataka vijana wawili Jumatatu.

Wazazi ndio hawataki. Mtoto amemaliza kidato cha nne, akabebe zege? Wanampeleka umeme, anakwenda kuwa wa ishirini na mbili kwenye mita mbili. Nikiulizwa mimi, fani hii haifungwi.

Saa 7:10 mchana

Ugali, mlenda, kuku wa kienyeji. Jirani na bwalo kuna chumba cha watoto wadogo. Mama zao wako darasani, wengi ni mabinti walioacha shule kwa ujauzito na kurudi kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Mwalimu wa ushonaji anasema mlezi wa watoto akiugua, cherehani nusu zinakaa bila mtu siku hiyo. Fomu yangu inauliza idadi ya cherehani, za kawaida na za ovaloki. Mlezi hana kisanduku. Namwandika pembeni kwa kalamu.

Saa 8:00 mchana

Sasa simu. Chuo kimetupa daftari la wahitimu wa ushonaji na umeme, tunapiga mmoja baada ya mwingine. Namba nyingi hazipatikani, nyingine anapokea mtu baki. Mmoja ananiuliza kama ni mkopo, anakata kabla sijajibu.

Wanaopatikana ndio wenye kazi ya kuelewa. Fomu ina majibu matatu: ameajiriwa, amejiajiri, hana kazi. Binti wa kwanza anashona sare za shule mwezi Desemba na Januari mpaka usiku wa manane, baada ya hapo anarudi shambani, na vitenge vinakuja kwa msimu wa harusi. Nimweke wapi?

"Andika mkulima," anasema, kisha anacheka. "Hapana, andika fundi. Cherehani ni yangu."

Kijana wa umeme anaendesha bodaboda. Mwenzangu anaweka alama ya hana kazi ya fani. Namwomba asubiri, nauliza zaidi. Jioni anafunga nyaya kwenye nyumba mpya za kijijini kwao, pikipiki ndiyo inambebea ngazi na vifaa, na sehemu ya anachopata inaishia kwenye ule muhuri wa mwenye leseni. Mwenzangu anafuta alama. Tumebishana kidogo, lakini ameelewa kwamba tatizo la kijana huyu si ukosefu wa kazi.

Saa 10:30 jioni

Kikao cha kufunga. Nasema uashi ubaki, na umeme uongezewe mita na moduli fupi ya mota, ikiwezekana kwa kumwalika yule mzee awe mkufunzi wa muda. Mkuu anakohoa. "Hana cheti, madamu. Nitamlipaje kwenye mfumo?"

Ni swali halali. Tunakubaliana chuo kimsaidie aombe urasimishaji kwanza. Mwalimu wa umeme anajitolea kumfuata kesho.

Saa 2:00 usiku

Naandika. Kwenye safu ya fani ya umeme nafuta "inakidhi mahitaji ya soko la ajira" na kuweka: "Inaandaa mafundi wa nyumba katika mji wenye uhaba wa mafundi wa mota, leseni ya EWURA ifundishwe kabla ya muhula wa mwisho." Mwenzangu anapiga simu kutoka chumba cha pili: jedwali lake linakataa neno "mlezi" kwenye safu ya vifaa. Namwambia afungue safu mpya.