Nilivyopata taarifa ya mapato na matumizi ya boma la darasa

Kijijini kwetu, wilaya ya Bagamoyo, tulichangishwa kila kaya tujenge boma la darasa, yaani kuta zake kabla ya paa. Utaratibu unajulikana: wananchi tunapandisha hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halmashauri inapaua. Boma likakwama usawa wa madirisha, majani yakaota ndani, mara tukatangaziwa mchango mwingine. Ukiuliza ule wa kwanza umekwenda wapi, unaambiwa "taarifa itasomwa." Ukirudia kuuliza, wewe mpinzani. Mimi chama sina, nina wajukuu wanaosoma wamekaa chini.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu. Kwetu uliitishwa akija mgeni, na siku ya mgeni ni ngoma na risala, hesabu hazina nafasi.

Baba yangu mdogo, karani mstaafu wa mahakama, ndiye aliyenishika mkono. "Mwanangu, acha kupiga kelele, andika barua." Akanieleza kuwa ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: raia anaomba taarifa iliyo ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Nikaandika nusu ukurasa. Nataka kujua kilichokusanywa, kilichotumika, na kuona risiti za vifaa, basi. Wizi sikuutaja. Ukiutaja tu, wanaacha hesabu wanadai ushahidi kwako.

Mtendaji wa kijiji akaipokea, akaitia kwenye droo. Nikabaki nimesimama na nakala yangu.

"Na hii nigongee muhuri, mwanangu."

"Mama, si nimeshapokea?"

"Umepokea, ila umri huu nasahau."

Akacheka, akagonga, akatia tarehe na saini. Bila muhuri ule ningeambiwa barua haijafika. Nakala nyingine nikampelekea mtendaji wa kata, naye akagonga.

Mkutano ukaitishwa kabla siku 30 hazijatimia. Taarifa ilisomwa mbio kama dalali wa samaki pale ufukweni, tukamwomba msomaji arudie taratibu. Saruji, nondo, kokoto, fundi, halafu "mengineyo", ambayo yaliizidi saruji. Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza hayo mengineyo yanakula wapi. Kumbe mengine ni chakula na mafuta ya gari ya wageni waliokuja kukagua boma! Yaliyobaki hayana risiti.

Kila Aprili ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitua bungeni tunabishana vijiweni juu ya mabilioni, na hela za boma letu hakuna aliyekuwa akizihesabu.

Mkutano ukakataa mchango mpya mpaka risiti ziwe zinabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na daftari la hesabu likahamia kwa kamati ya ujenzi. Sasa boma limefika lenta, tunangoja bati za halmashauri. Hela zisizo na risiti hazijarudi. Mtendaji amehamishwa.