Felwine Sarr na kinyago cha faranga 7

Msafara wa utafiti wa Kifaransa wa Dakar–Djibouti, 1931–1933, ulinunua kinyago cha eneo la Ségou (Mali ya leo) kwa faranga 7, bei ya dazeni ya mayai wakati ule. Mnadani Paris, vinyago vilikwenda kwa bei kubwa mara nyingi zaidi. Hesabu hiyo imo katika ripoti kuhusu kurudisha vitu vya Afrika vilivyo Ufaransa, ambayo mchumi Felwine Sarr wa Senegal na mwanahistoria wa sanaa Bénédicte Savoy walimkabidhi Rais Macron wa Ufaransa Novemba 2018. Ukiisoma unamtambua Sarr papo hapo: hata kwenye habari za vinyago, mchumi huuliza nani alilipa nini.

Alizaliwa 1972 Niodior, kisiwa cha delta ya Saloum, Senegal. Alisomea uchumi Orléans, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Gaston Berger, Saint-Louis. Ni mwanamuziki pia. Na yeye, Boubacar Boris Diop na Nafissatou Dia Diouf ndio walioanzisha shirika la uchapishaji la Jimsaan. Katika kitabu chake Afrotopia (2016) anakataa Afrika ipimwe kwa takwimu za ukuaji wa uchumi peke yake. Kuna kurasa zinazopaa mno humo, kusema kweli. Ripoti imekanyaga ardhi.

Inakadiria kuwa makusanyo ya umma ya Ufaransa yana vitu 90,000 hivi vya Afrika kusini mwa Sahara, 70,000 kati yake vikiwa katika jumba la makumbusho la Quai Branly, Paris. Kizingiti kilikuwa sheria: mali ya makumbusho ya taifa ilikuwa haiuzwi wala haitolewi. Pendekezo la Sarr na Savoy ni kwamba Ufaransa iipe kila nchi orodha ya vitu vyake, nchi iombe, tume ya wataalamu wa pande zote mbili ichunguze, na mikataba baina ya mataifa ifungue njia. Kitu kikiwa kilitwaliwa vitani, au na maofisa wa kikoloni, au na misafara ya utafiti, ridhaa isichukuliwe kuwa ilikuwepo. Risiti ya faranga 7 haionyeshi kama muuzaji angeweza kukataa.

Bunge la Ufaransa halikufika huko. Sheria ya 24 Desemba 2020 iligusa vitu 26 vilivyoporwa Abomey (Benin ya leo) na majeshi ya Kifaransa ya Dodds 1892, pamoja na upanga unaohusishwa na El Hadj Omar Tall, kiongozi wa Kiislamu wa Afrika Magharibi wa karne ya 19. Ombi lolote nje ya hapo lilihitaji sheria yake. Upanga wenyewe ulikuwa umekabidhiwa Dakar tangu Novemba 2019, kwa mkopo.