Jinsi nilivyoacha kumeza dawa mara mbili
Baada ya kuumia kichwa, ya utotoni niliyakumbuka yote. Ya asubuhi ileile yakayeyuka. Mtaalamu alinieleza kuwa ya zamani yalishahifadhiwa, ila ubongo uliojeruhiwa hupata taabu kunasa mapya, hasa ukichoka. Kibaya zaidi, nilikuwa nameza dawa, nasahau, nameza tena. Nilihangaika na michezo ya kunoa kumbukumbu; nikawa hodari wa michezo tu. Kilichonisaidia ni kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku, alamu ya simu, na daftari moja. Moja tu, maana vikaratasi navyo nilisahau nilikoviweka! Nikimeza, natia alama palepale, kabla hata glasi haijarudi mezani. Majina ya watu bado yananipiga chenga.