Baba yangu, mtu wa gengi

Tangu nirudi Kilosa, kila ninayekutana naye sokoni ananipa pole kwanza, ndipo anisalimie. Baba alifariki nikiwa Ulaya, na kwa watu wa hapa msiba hauishi mpaka mtoto aliyekuwa mbali afike, aonekane. Nazipokea. Lakini baada ya pole huja swali, hasa kutoka kwa vijana: Mzee alikuwa anafanya kazi gani? Nasema reli. Dereva? Hapana. Stesheni masta? Hapana. Alikuwa mtu wa gengi. Hapo wengi wananitazama tu.

Basi ngoja nieleze.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Ikitoka Kilosa kwenda Kidete na Gulwe inafuata bonde la Mto Mkondoa, mlima upande huu na mto upande ule, na mto wenyewe hauna adabu. Masika yakija unahama njia, unakula kingo, unashusha mchanga na magogo. Kipande hicho ndicho kilichotulisha. Gengi ni kikundi cha watu wachache na mnyapara wao, wamekabidhiwa kilomita zao, na kwa kilomita hizo wataulizwa wao. Alfajiri wanatoka na nyundo, spana na sururu. Wanakaza nati, wanabadilisha mataruma yaliyochoka, yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba, wanashindilia kokoto, wanafyeka, wanazibua makalvati, njia za maji chini ya tuta. Jua likizidi, chuma hutanuka na reli inaweza kujipinda. Mvua ikizidi ni hatari zaidi, kwa sababu tuta huliwa kwa chini huku juu linaonekana zima. Baba alikuwa anagonga reli kwa nyundo, anainamisha kichwa, anasikiliza, anasonga mbele. Nilipomuuliza anasikia nini, alisema, "Nasikia kama kuna kazi."

Usiku wa masika kulikuwa na doria. Anavaa koti la mvua lililomzidi, anachukua taa, bendera, na mfuko mdogo wenye baruti za kufunga juu ya reli. Njia ikikatika unazifunga mbali kabla ya hapo palipoharibika. Treni ikizikanyaga zinalipuka, dereva anajua asimame. Mfuko ule tulikatazwa hata kuusogelea, kwa hiyo hakuna kitu nyumbani tulichokipenda kuliko huo.

Alikuwa Mnyamwezi wa Urambo. Alishuka na treni akiwa kijana, wakati reli bado ni ya nchi tatu, na hakurudi tena kwao kuishi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alilala mfanyakazi wa Afrika Mashariki, akaamka mfanyakazi wa Shirika la Reli Tanzania. Nyundo ilikuwa ile ile.

Mama ni Mkaguru, na hapo ndipo nyumba yetu ilipokuwa na mambo. Kwa Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo wajomba walikuwa wanakuja pale kota, wanakaa kwenye mkeka, wanajadili nani apelekwe shule gani na nani aje kusaidia shamba, baba yupo hapo hapo anatia chai kama mgeni aliyekaribishwa kwake mwenyewe. Hakuwahi kugombana nao. Aliitikia kila kitu. Kisha likizo ikifika anaomba pasi ya familia, maana wafanyakazi wa reli walipewa safari za bure, anatupakia kwenye behewa la daraja la tatu na kutupeleka Urambo, "mkajue na kwenu." Nadhani wajomba walijua kabisa anachofanya. Na mimi hadi leo nikiulizwa kabila langu najibu kulingana na anayeuliza.

Safari zile ndizo nilizomjua baba. Sisi tunalala tumebanana, yeye macho. Anasikiliza magurudumu. Treni ikipita kipande kibovu, behewa linayumba, anaguna: "Hapa wamelala hawa." Kikipita kizuri, anataja mnyapara wa pale kwa jina, kwa sauti ya kumsalimia. Kutoka Kilosa hadi Tabora alikuwa anawapa watu maksi gizani.

Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Wanaomsifu sasa hivi kwamba alikuwa mcheshi, sijui walikutana naye wapi. Labda kweli alikuwa mcheshi huko kwenye njia. Kwetu alikagua madaftari kama anavyokagua mataruma, ukurasa kwa ukurasa, bila kusema vizuri wala vibaya. Mshahara haukutosha, ila mama ndiye aliyejua kwa kiasi gani. Treni ya bara ilipita hapa usiku wa manane, naye anaamka kupika vitumbua, sisi tunabeba beseni hadi stesheni tukiwa nusu tumelala. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye beseni lile. Ukisikia watu wanasema reli ilitusomesha, ongeza vitumbua.

Mafuriko ya Desemba 2009 yalimkuta ameshastaafu, mimi nimeshaondoka. Mkondoa ulivunja tuta lake ukaingia mjini. Maelfu walikosa makazi, wakahamia kwenye mahema. Reli ilisombwa, na kwa miezi kadhaa abiria wa bara walipelekwa kwa basi hadi Dodoma ndipo wapande treni. Nilipiga simu nikitetemeka. Nauliza nyumba, nauliza mama, yeye ananijibu tuta la Kidete. Nilikasirika nikakata. Kaka amenisimulia juzi tu kwamba maji yalipopungua kidogo mzee alichukua fimbo akapanda na njia kwa miguu, hakuna aliyemtuma, akarudi siku iliyofuata na matope hadi kiunoni. Alipoulizwa alikuwa wapi, alisema alikwenda kuhesabu kalvati zilizobaki.

Safari hii nimekuja Kilosa kwa treni ya umeme, hii iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024. Ni safi, inakwenda kwa saa yake, na mbele ya hapa imetoboa milima kwa mahandaki manne. Kuna watu wanataka nisikitike kwa ajili ya reli ya zamani. Sisikitiki. Baba angeipanda hiyo treni kwenda na kurudi bila kuwa na safari yoyote, na angemsumbua kila mhudumu kwa maswali ya maji yanapopitia. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi, sasa haoni vizuri, aliniambia huku anacheka, "Sisi tulikuwa tunaubembeleza mlima. Hawa wameupita tumboni."

Huyo mzee ndiye amenipa kazi. Kwenye sanduku la bati la baba nimekuta pasi zilizoisha muda, kitambulisho, na picha moja: wanaume sita wamesimama kando ya kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, wote wamekunja uso kwa jua. Baba ni wa pili kutoka kushoto. Mzee aliisogeza picha puani, akatambua wawili. Mama amemtambua mmoja, yule mfupi, kwa sababu alikuwa akija kwetu anamaliza ugali wa watu watatu; jina hakumbuki, anakumbuka ugali. Nyuma ya picha kumeandikwa "Kidete" kwa kalamu ya risasi, hakuna mwaka.

Wamebaki wawili ambao hakuna aliyewatambua. Kama baba yako au babu yako alikuwa gengi kati ya Kilosa na Gulwe, muulize aliyebaki nyumbani kwenu, hata kama anakumbuka jina la utani tu. Nitakuwa hapa hadi mvua za masika, na mama anataka kujua yule mfupi alikuwa nani.