Mzazi asiyejua noti bado nina kazi naye

Wazazi wengi wanaoniletea watoto niwafundishe kinanda hapa Tabata, Dar es Salaam, huanza kwa kujitetea: "Mwalimu, mimi sijui hata noti ya do iko wapi." Si lazima waijue. Ninachowaomba ni masikio yao na robo saa kila siku, wakae karibu na kinanda mtoto anapofanya mazoezi.

Mimi humwona mtoto mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote yuko nyumbani, na huko ndiko vidole vinakojengwa au kuharibika. Mtoto wa miaka saba akiachwa peke yake hupiga wimbo mzima, anakosea mstari wa pili, anarudi mwanzo, anakosea palepale. Baada ya wiki, vidole vimelikariri lile kosa. Mzazi asiyesoma noti hata moja husikia vizuri tu mahali mtoto anapokwama. Anaweza kumwambia, "Hapo tu, mwanangu. Nipigie hapo tu, polepole."

Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani aliyezaliwa mwaka 1898, aliijenga mbinu yake juu ya jambo hili. Aliona watoto wote wanaimudu lugha ya mama kwa sababu wanaisikia kutwa na kila neno jipya linashangiliwa. Basi akamtaka mzazi ahudhurie somo na awe mwalimu wa nyumbani. Baadaye mbinu hiyo ikaingia kwenye piano pia. Sifuati kila kitu chake, ila hili nimelichukua lote.

Nina mwanafunzi ambaye baba yake ni fundi magari. Akirudi gereji ananawa, anakaa, anamwambia binti, "Haya, nifundishe ulichofundishwa." Kinanda chao ni cha mtumba, cha oktava tano, kutoka Kariakoo. Binti anamsahihisha baba kidole gumba, anamhesabia moja mbili tatu nne, na kwa kumfundisha anaelewa mambo ambayo darasani aliyaitikia tu. Umeme ukikatika wanapiga juu ya meza, wanaimba noti kwa mdomo. Nampenda sana baba yule.

Lakini kukaa karibu si kusimamia kama askari. Mtoto anayefokewa kutoka jikoni, anayelinganishwa na binamu yake aliyefaulu mtihani wa gredi wa muziki, namtambua kabla hajagusa kitufe: mabega yamepanda, viwiko vimebana, kifundo kigumu. Sauti inatoka kavu. Huyo nitatumia miezi kumlegeza mkono tu, na pengine ataacha kabla sijafika.

Watoto wakifika miaka kumi na moja au kumi na mbili, wengi huanza kutaka mlango ufungwe. Mzazi asikasirike, asikilizie sebuleni, kisha amwombe wimbo mmoja baada ya chakula.

Kwa wadogo, sharti langu la muhula huu ni hili: mtu mmoja wa nyumbani, awe mama, baba, bibi au kaka mkubwa, akae somo zima, simu ikiwa mfukoni.